Mkanda Usio na Mota

Vijana wa karakana, mmenishinda. Tangu nilipokabidhi funguo za stoo sipiti sokoni Kasulu bila mmoja wenu kunidaka katikati ya nyanya na dagaa: "Bi mkubwa, tupe madini!" Haya, madini ndiyo haya. Nimekaa barazani, wajukuu nimewafukuza, naandika. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kuondoka, basi. Mimi nataka kuwaeleza mikanda.

Kwa asiyetujua, kazi yetu ni kutengeneza mikanda ya kusafirishia mbao, ile inayozunguka juu ya rola na kupeleka mzigo kutoka kwenye msumeno hadi kwenye lori. Mkanda wa dukani, uliokuja na kitabu chake, mtu yeyote anaufunga. Sisi tuliitwa pale ambapo kitabu hakikuwa na ukurasa: umeme hakuna, nafasi hakuna, au kiwanja kimeinama hadi mbuzi anajiuliza kabla ya kupita.

Nilianza kazi nikiwa binti wa Kitahana aliyetoka chuo cha ufundi juzi juzi, ovaroli imepigwa pasi. Ndiyo, nilipiga pasi ovaroli, chekeni tu. Fundi mkuu alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyekulia kwenye viwanda vya mkonge. Alikuja Kasulu kumsalimia shangazi yake mwenye duka la vitambaa, akaonja hali ya hewa yetu, asirudi tena. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, hata akikugombeza unatamani aendelee. Changu kilikuwa kimejaa Kiha, na kila nikifungua mdomo alitikisa kichwa: "Binti huyu anaongea kama anapanda mlima!"

Siku ya kwanza hakunipa spana. Aligeuza ndoo chini juu, akaiweka kando ya mkanda uliokuwa unafanya kazi, akaniambia niketi.

"Sikiliza," akasema.

"Nisikilize nini, mzee?"

"Ukikisikia utakijua."

Nikaketi asubuhi nzima, vumbi la mbao linaniingia puani, nikimlaani kimoyomoyo. Kufika mchana nikasikia rola moja inalia tofauti na wenzake. Nikaruka, nikamwita, nikaonyesha kwa kidole. Akaja polepole, akaweka kiganja juu ya chuma, akaguna.

"Siyo hiyo, ni jirani yake. Lakini masikio unayo. Kesho njoo na ovaroli iliyokunjamana."

Vifaa vyake vilikuwa kamba, chaki, mpira mwembamba wa maji wa kupimia usawa, na nyundo ambayo hakumwazima mtu, hata mkewe. Kwake nilijifunza kwamba mkanda una tabia ya kupanda mahali palipo juu. Ndiyo maana puli, lile gurudumu linalouzungusha mkanda, hutakiwa iwe imevimba kidogo katikati. Mkanda ukitaka kutoroka pembeni, unajikuta umerudi kati wenyewe. Mzee Shabani alikuwa akipiga tumbo lake mwenyewe na kusema, "Puli bila kitambi haina heshima." Nimefunga puli nyingi maishani na kila nikipima ule uvimbe nasikia lile tumbo likipigwa.

Kichwa changu kiliuma kweli kweli kwenye kiwanja kimoja hapa hapa Kasulu, kilichobanwa kati ya ukuta wa ghala na choo cha jirani. Mbao zilitoka kwenye msumeno zikielekea ukuta wa ghala, na lango la kutokea liko kushoto. Gunia la mahindi ukiliweka kwenye mkanda uliopinda litapinda nalo. Ubao haupindi. Unafika kwenye kona, unagonga ukuta wa choo, na mwenye choo anatoka humo ndani akiwa amekasirika, na kwa haki. Nilichora makona hadi nikachoka. Jumapili moja niko kanisani, watu wamejaa, mhudumu anasema "sogeeni, sogeeni," na benchi zima linasogea kwa ubavu bila mtu kugeuza uso. Nikasema kwa sauti, "Ala! Si ndiyo hii!" Mama aliyekaa mbele yangu alidhani nimeguswa na mahubiri.

Basi ubao ukawa unakuja kwa urefu wake, unagonga kizuizi, halafu mikanda miwili myembamba inauchukua na kuusogeza kwa ubavu hadi langoni. Umebadili njia bila kugeuka. Ile mikanda miwili tuliikata kutoka kwenye matairi makuukuu ya malori, na kwa sababu katikati yake ni wazi, vumbi la mbao lilianguka chini lenyewe. Tangu hapo nikawa sipendi tena mkanda mmoja mpana. Miwili myembamba, mbao zimekingama juu yake, mpira kidogo, kelele kidogo. Mzee Shabani aliuzunguka, akautazama, akasema, "Umebuni kitu kibaya sana kwa sura." Nilifurahi wiki nzima.

Sasa niwapeleke Kibondo, maana najua mnachongoja.

Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena, mbao zilitakiwa kuliko chumvi: milango, mabenchi ya shule, nguzo za kila namna. Mfanyabiashara mmoja, nitamwita Bwana Nestori, alikuwa na mashine za kupasulia kwenye kilima upande wa Mabamba, jirani na miti yake ya misindano. Kilima kilikuwa kikali, na lori halikupanda. Mbao zilishuka kwa vichwa vya akina mama, ngata kichwani, mguu mmoja baada ya mwingine kwenye udongo mwekundu. Mvua zikianza, ule udongo unateleza kama sabuni.

Godeliva alikuwa mmoja wao. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye alizaliwa huku, uraia anao, shamba dogo analo, watoto wadogo anao. Mume alikwenda Tabora kutafuta kazi, akaitafuta hadi akapotelea huko huko. Siku moja aliteleza na mzigo, na nyonga yake haikurudi sawasawa. Hakuweza tena kubeba, wala kulima kwa kuinama asubuhi nzima. Nilipofika kupima kilima nilimkuta amekaa kwenye mabanzi, akichonga mipini ya majembe kwa kisu ili apate cha kununulia chumvi.

Bwana Nestori si mtu mbaya, ila ana haraka. Aliahidi mbele ya watu kwamba nikimjengea mkanda, Godeliva atapewa kazi ya kuusimamia pale juu. Wenzake wangehamia barabarani kupanga na kupakia, kazi ambayo yeye hakuiweza. Kwake ilikuwa ni huo mkanda, au kurudi nyumbani kuwategemea watu. Alinifuata jioni, anachechemea, akaniuliza, "Dada Skola, hiyo mashine inataka mtu aliyesoma?"

"Inataka mtu aliye macho," nikamwambia.

"Basi mimi silali."

Dizeli ya kuzungushia mota Bwana Nestori hakutaka hata kuisikia, ilikuwa bei mbaya. Nami nikaangalia kile kilima, nikaona mota ya nini? Mbao zenyewe ni nzito na zinataka kushuka. Ukizilaza juu ya mikanda, zile za chini zinavuta, mkanda unazunguka, unaleta nafasi kwa nyingine. Tulifunga vipande vya tairi juu ya mikanda kwa boliti ili kila ubao uwe na pa kuegemea usiteleze. Kazi haikuwa kuusukuma mkanda, kazi ilikuwa kuuzuia. Kwenye puli ya juu tukafunga breki ya lori kuukuu na mtaimbo mrefu: ukivuta, mkanda unapunguza, ukiachia, unakwenda. Godeliva tukamkalisha kwenye gogo, mtaimbo mkononi. Wiki nzima ya majaribio alizishusha zile mbao kwa upole, ungesema anamlaza mtoto.

Siku ya uzinduzi Bwana Nestori alivaa koti. Alialika wateja kutoka Kibondo mjini, akawapanga barabarani, mwisho wa mkanda, wajionee. Mzee Shabani, ambaye umri ulikuwa umeshamzidi lakini hakukubali kubaki Kasulu, alikuwa kule chini na bakora yake. Mimi nilikuwa katikati ya kilima nakagua rola. Mkanda umejaa kutoka juu hadi chini, mbao mpya zinanukia, nimejaa furaha hadi nataka kuimba.

Halafu nikamwona bibi mmoja anapanda kwa njia ya nyuma, kikapu cha maharage kichwani. Alikuwa mama mkwe wa Godeliva. Ametembea kutoka Mabamba kuja kuona kazi ya mkwewe.

Ninyi mliozaliwa huku mnajua kilichofuata. Wa Dar es Salaam niwaeleze. Kwetu hakuna kumsalimia mama mkwe kwa kupunga mkono, wala kwa kukaa, wala kwa mkono mmoja. Unasimama, unainama, unampa mikono yote miwili. Naye akishaishika, haiachii mpaka salamu iishe, na salamu yetu haina haraka.

Godeliva akasimama. "Mwakeye, mama." Mikono miwili.

Jamani! Mkanda ukaanza kunguruma. Nilipiga kelele, "Breki! Godeliva, breki!" Ubao wa kwanza ulinipita, wa pili sikuuona, niliusikia upepo wake tu. Kule barabarani mbao zikaruka mwisho wa mkanda, zikavuka barabara, zikaingia shamba la maharage la watu. Wateja walitimka kila mmoja na njia yake. Bwana Nestori aliingia mtaroni na koti lake. Mzee Shabani peke yake ndiye aliyesogea pembeni kwa hatua za kawaida, akasimama kuhesabu uharibifu.

Na pale juu salamu inaendelea. Watoto hawajambo? Hawajambo. Shamba? Linaendelea. Ng'ombe wa jirani amezaa? Amezaa. Nilipofika nikihema, mkanda ulikuwa mtupu unazunguka taratibu, na bibi ndiyo kwanza anaiachia mikono ya mkwewe. Akanigeukia mimi kwa furaha kubwa, akanyoosha yake. Ningefanya nini? Nikainama, nikasalimia.

Kwa bahati hakuumia mtu, ila Bwana Nestori alikuwa amelowa hadi kiunoni, na wateja wake wamemwona akiogelea. Alipanda kilima kizima akifoka.

"Mtoeni huyu mwanamke hapo! Nitafutieni mtu asiyesalimia watu!"

"Huku Uha?" Mzee Shabani akauliza kutoka nyuma yake, anahema. "Bwana Nestori, hapo itabidi tuagize kutoka nje."

Watu wakacheka, naye akazidi kukasirika. Akasema lori linarudi wiki ijayo, na likirudi anataka kumkuta kijana wa mjini kwenye ule mtaimbo. Godeliva alikwenda kuokota mbao shambani akichechemea, mpaka nilipomshika mkono.

"Dada, niliziona zikiondoka," akaniambia. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Niliziona kabisa. Lakini mikono ya mama ningeinyofoaje? Ungekuwa wewe ungeinyofoa?"

Nikamwambia kweli, kwamba nisingeinyofoa. Na hapo nilipandwa na hasira, si juu yake wala ya bibi. Nilikuwa na hasira na ile breki. Chuma gani hicho kinachomtaka mtu akose adabu ili kifanye kazi? Breki ya lori imetengenezwa kwa dereva aliyefungiwa ndani ya kioo, hakuna mama mkwe anayemfikia. Sisi tulikuwa tumeileta kwenye njia ya watu.

Tukakaa na Mzee Shabani mbele ya karai la viazi vya kuchemsha. Nikasema breki igeuzwe: iwe inabana yenyewe wakati wote, kwa uzito wa chuma, na mtu awe anaifungua. Akiachia tu, mkanda usimame. Akakubali, akasema tuweke pedali ya mguu. Nikamkumbusha ile nyonga. Akala kiazi. Kisha nikamuuliza, "Mzee, mtu wa huku akitaka kusalimia mkubwa wake anaanza na nini?"

"Anaanza kwa kunyanyuka," akasema. Akaacha kutafuna. "Loo! Skola! Kiti!"

Ndivyo kilivyozaliwa kile kiti ambacho wengi wenu mmekifunga sehemu nyingine bila kujua kimetoka wapi. Ukiketi, uzito wako unanyanyua kile chuma, breki inafunguka, mbao zinashuka. Mkononi unabaki na mtaimbo mdogo wa kuongeza na kupunguza mwendo. Ukinyanyuka, chuma kinashuka, breki inabana. Mara ya kwanza kilibana kwa ghafla hadi mbao zikapandana, ndipo tukakiwekea shokapu ya pikipiki ili kishuke kwa utulivu. Mara ya pili Godeliva aliketi na mkanda haukutikisika hata kidogo, kwa kuwa alikuwa mwepesi mno. Akaketi kwa nguvu, akaruka ruka, wapi! Mzee Shabani akamsihi ale ugali zaidi. Tukasogeza egemeo la kiti taratibu, tukiweka na kutoa, hadi kikamkubali yeye. Fundi anayetengeneza kiti halafu akamtafuta mkaaji, huyo ameanza kazi kinyume.

Lori likarudi, na Bwana Nestori ndani yake, na kijana wa mjini amekaa kando yake, miwani ya jua usoni. Nilimwomba kitu kimoja tu: apande juu mwenyewe kwa njia ya nyuma wakati mkanda umejaa. Hakutaka. Alikuwa akiniangalia mimi na mtaro, mtaro na mimi. Mwishowe akapanda. Mimi nilibaki barabarani nimesimama mbele kabisa ya mkanda, mahali ambapo mbao zingenikuta kwanza, ili asije akasema najaribia kwenye miili ya wengine.

Nikamwona Godeliva anageuka. Akamwona tajiri wake. Akanyanyuka, akainama, akatoa mikono miwili.

Mkanda ukaguna, ukapunguza, ukasimama. Hakuna ubao uliosogea. Akina mama wapakiaji wakapiga vigelegele hadi dereva akatoka kuangalia kuna harusi gani. Na pale juu Bwana Nestori alikuwa ameshikwa mikono. Nilimwona anataka kuondoka, lakini Godeliva alikuwa bado anamuuliza habari za mama yake, na za mkewe, na za safari. Ikabidi naye aulize za watoto. Nadhani ndiyo siku ya kwanza alipojua majina yao. Aliposhuka alimwambia yule kijana wa mjini arudi kwenye lori, akanigeukia, akasema tu, "Mwambie aendelee kukaa."

Godeliva amekaa hapo hadi leo, na wanawe wamesomeshwa na kile kiti. Kasoro yake ni moja. Wapakiaji kule chini waligundua kwamba wakichoka, dawa ni kumtuma mzee yeyote anayepita apande akamsalimie. Bwana Nestori alilalamika kwangu zaidi ya mara moja, "Fundi, mbona wazee wa kilima hiki wamekuwa wengi hivi?" Nikamwambia ni hali ya hewa. Mzee Shabani alikuwa akipata habari hizo anacheka hadi anashika ubavu. Ametangulia sasa, Mungu amrehemu, na nyundo yake aliiacha kwa mkewe, ambaye hamwazimi mtu.

Wiki niliyokabidhi funguo nilipanda gari kwenda Kibondo kumuaga Godeliva. Lazima mjue kitu. Miaka yote hiyo mimi alinisalimia akiwa ameketi. Nilimwagiza hivyo tangu mwanzo: fundi si mgeni, nikija kukagua nataka kuona mkanda ukienda, nipungie mkono inatosha. Naye alitii. Tulikuwa tukisalimiana kwa kupaziana sauti, mimi niko kwenye rola, yeye yuko kitini.

Siku hiyo nilipanda kwa njia ya nyuma, kitenge nimejifunga, spana sina. Pumzi zilikuwa zinanikatika, nikasimama mara mbili tatu njiani. Mkanda ulikuwa umejaa hadi chini, lori linangoja. Godeliva akageuka, akanitazama. Sijui aliona mvi, sijui alisikia ile pumzi.

"Kaa, Godeliva," nikamwambia. "Kaa, mbao zinashuka."

Akanyanyuka.

Nyuma yake chuma kikashuka, mkanda ukaguna, ukasimama. Akainama na nyonga yake ile, akaishika mikono yangu kwa mikono yake miwili. "Mwakeye, mama," akasema. Kule barabarani dereva akapiga honi, akapiga tena, akapiga sana. Sikuiachia ile mikono.